Figo Haikwenda Vitani

Karani wa Bombo ana kalamu nyekundu
na sauti ya mtu aliyekwisha kula mchana.
"Goti," anasema, "goti tunalijua.
Limeandikwa, limelipwa, asilimia ishirini.
Lakini hii figo, mama,
figo haikwenda vitani."

Nami nimetoka Arua na faili ndani ya mfuko wa sukari,
nimevuka Karuma usiku, hata nyani wamelala.
Ezati nimemwacha kitandani,
miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa.

Nikasema: Afande, kaa nikuhesabie ukoo.
Risasi ya Mogadishu ilizaa goti bovu.
Goti likazaa maumivu.
Maumivu yakaoa vidonge vya zahanati ya kambi,
viwili asubuhi, viwili jioni, miaka tisa,
na ndoa hiyo, kwa muhuri wenu,
ikazaa figo hii.
Leo mjukuu amebisha hodi,
unamwuliza alipigana wapi?

Akacheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya.
Akageuza barua ya daktari, akaweka kidole:
"Hapa ameandika *huenda*.
*Huenda* imetokana na dawa.
Mama, huenda haina fungu katika bajeti."

Neno moja.
Nimelibeba kilomita mia tano bila kulijua,
kama kupe.

Nyumbani Ezati akaniuliza, Wamesemaje?
Wamesema goti ni la serikali,
figo ni yako.
Akatazama dari muda mrefu.
"Basi goti wapigie saluti," akasema,
"figo nitaizika mwenyewe."
Tukacheka mpaka akakohoa,
mpaka nikashika beseni.

Alipolala nilikwenda jikoni.
Makopo ya vidonge sikuwahi kuyatupa;
nani hutupa kopo lenye kifuniko?
Hili lina ufuta, hili kunde, hili chumvi,
na kila moja ubavuni lina karatasi iliyofifia:
jina lake, namba yake ya jeshi, tarehe, mbili mara mbili.

Nikamwaga ufuta kwenye ungo.
Nikamwaga kunde.
Nikayapanga kwa miaka, kutoka dirishani hadi mlangoni,
arobaini na moja, na mengine yako kwa dada yangu Driciru.

Kesho nitakwenda kwa daktari, kijana yule mwoga,
nimwombe afute neno moja.
Akikataa, nitapanda tena basi la Kampala
na gunia linalolia kama njuga,
maana kopo la mwisho, nilipolitikisa,
bado lilikuwa na vidonge vitatu.