Laini ya Nyumba Mbili

Pernik, ghorofa ya nne, kabla jengo halijapakwa rangi.
Laini ya simu moja, nyumba mbili:
sisi, na Bi Tsonka wa upande wa pili wa ukuta.
Akiinua yeye mkonga, simu yetu ilikufa ganzi,
na Tsonka alikuwa na dada Varna,
na dada ana ini bovu, ana mkwe, ana paka.

Mama aligonga ukuta kwa mwiko.
Mara moja: tafadhali.
Mara tatu: Tsonka, Mungu anakuona.
Chokaa ilidondoka kwenye supu.
Tukainywa.

Septemba ndiyo iliyotupatanisha.
Kila roshani ilichoma pilipili hoho,
moshi ukapanda jengo zima bila kupiga hodi,
nasi watoto tukazimenya maganda meusi
hadi daftari la hesabu likanuka.
Chupa sabini zetu, themanini na mbili za Tsonka.
Alituzidi kila mwaka.
Hilo Mama hakulisamehe.

Sisemi ilikuwa raha.
Maji ya moto yalikuja Jumamosi, yakipenda.
Baba alivaa koti moja majira tisa ya baridi.

Ila jana usiku, simu mfukoni,
laini yangu peke yangu, usiku kucha nikitaka,
nilikaa jikoni nisijue nimpigie nani.
Nikachukua mwiko.
Nikagonga mara moja.

Upande wa pili siku hizi ni ofisi ya bima.
Hufungwa saa kumi na moja.