Alama ya Jumanne

Ijumaa, saa mbili na nusu, Temeke Wailes,
mashine imewaka, ikazima, ikawaka,
ikatoa buluu kama sketi ya shule
na maandishi meupe yasiyomwomba mtu radhi.
Kosa ni langu. Jana jioni nilipachika programu
ya printa mpya, ile ya mkopo,
nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo,
bila kusoma, kama bibi harusi aliyechoka.

Bwana Kalisti amesimama kaunta.
Wasifu wa marehemu mkewe umo humo ndani,
niliupiga chapa jana mchana, kurasa mbili,
na mwili unatoka Muhimbili saa sita.
Hasemi kitu. Anaikunja risiti
mpaka imekuwa punje ya kunde.

Nampigia fundi Mbonea, yuko Kariakoo,
nyuma yake wananadi chaja kwa kipaza sauti.
"Usifomati! Utafuta hadi jina lako.
Si nilikuonyesha? Kabla hujagusa kitu, weka alama.
Uliweka?"
Huwa inaweka yenyewe, nasema. Nadhani.
"Basi tuirudishe. Watu husema yaliyopita si ndwele;
kwa mashine, dada, yaliyopita ndiyo dawa."

Zima kwa nguvu. Washa. Zima tena.
Mara ya tatu ikasalimu amri, ikafungua mlango wa uani:
Rekebisha. Rejesha mfumo. Chagua tarehe.
Alama ilikuwa moja tu.
Jumanne, saa kumi na dakika nane.

"Inarudi mpaka lini?"
Neno lake la kwanza tangu asubuhi.
"Mpaka Jumanne."
Akaitazama skrini kama mtu anayepita
mbele ya nyumba aliyowahi kupanga.
"Jumanne alikunywa uji," akasema. "Wa ulezi.
Akamaliza kikombe, akadai sukari haikutosha."

Sikujua niweke wapi mkono wangu.
Nikauweka kwenye kipanya, nikabonyeza.

Mstari wa kijani ukajikokota kama foleni ya Tazara.
Dakika kumi. Ishirini na mbili.
Mbonea alipiga tena: usiguse,
umeme ukikatika hapo katikati tumekwisha.
Nikaizima feni, kana kwamba Tanesco
wangeniona nabana matumizi wakanihurumia.
Tukakaa kwenye joto, wawili,
tukisikiliza kitu kinachokoroma ndani ya boksi.

Kisha picha ile ya zamani, maua ya njano.
Printa mpya haipo, kama vile sikuwahi kukopa.
Saa ya pembeni, ngangari, imebaki Ijumaa.
Na pale kwenye kona, palepale nilipoliacha jana,
faili: Wasifu, Skolastika.

"Mafaili hayarudi nyuma," alisema Mbonea, "ni mfumo tu."
Kwa hiyo mashine ilikuwa Jumanne,
na ndani ya Jumanne hiyo, tayari,
kurasa mbili zinasema alizaliwa Peramiho,
alishona sare za shule miaka kumi na tisa,
aliugua,
alifariki Jumatano alfajiri.

Sikumwambia. Alisoma mwenyewe, midomo ikicheza.
"Weka na uji," akasema.
"Niuweke wapi?"
"Popote. Kabla ya Jumatano."

Nikaivuta printa ya zamani chini ya meza,
ile inayoacha mstari mweusi ubavuni.
Nakala arobaini, na mstari palepale kila ukurasa.
Nikaanza kuomba samahani.
"Angelalamika," akasema, na karibu atabasamu,
"yeye na mambo ya mishono."
Akalipa zote. Akaacha chenji. Punje ya risiti
ikabaki juu ya kaunta.

Wateja wanne wamepanga foleni, mmoja anapiga mluzi.
Kabla sijagusa kitu nikaweka alama.
Mashine ikaniuliza: iitweje?
Nikafikiri muda mrefu kuliko inavyostahili,
nikaandika:
Ijumaa. Printa ya zamani. Uji.