Kaya Namba 4117

Miaka thelathini Profesa Halina Wrzosek
anapima pengo la mji wa Łódź
kwa vipeo na vipeuo,
chai ya limau ikipoa pembeni
mwa safu za mapato na makaa, zisizo na majina.

Usawa, huwaambia wanafunzi,
ni mstari ulionyooka toka pembe hata pembe.
Sisi tumelegea chini yake
kama kamba iliyoanikwa nguo mbichi.

Leo, kaya namba 4117:
mjane, chumba kimoja, watoto wanne.
Makaa ya mawe: sifuri.
Januari.

Kompyuta imetia alama nyekundu:
huenda ni kosa, iondolewe.

Anaijua sifuri hiyo.
Mamaye, mfumaji wa kiwanda kilichofungwa,
aliwahi kuiandika kwa penseli
karani akisubiri mlangoni, hakuvua kofia;
usiku akawalaza wanawe na makoti yao.

Halina anavua miwani.
Kosa lipo, anasema peke yake,
ila si la kuandika.

Anaiacha ndani ya hesabu.
Mkunjo unashuka
unene wa unywele, basi.
Wahariri watauliza.
Atawajibu kwa tanbihi,
mistari miwili,
bila kumtaja mama.