Jani Moja Tu

Mti wa kwanza niliuchora kwa miraba mia mbili hamsini na sita,
kumi na sita kwenda, kumi na sita kushuka,
rangi tatu; ya nne tuliiita hewa.
Ofisi ilikuwa juu ya duka la tofu, Fukuoka,
alfajiri mvuke wa soya ukitupandia ngazini
na Ogushi, mwandishi wa programu, kalala chini ya meza,
viatu kavifanya mto.

Wakasema: Haramizu, tupe mti unaoibeba dunia.
Kwa miraba hiyo!
Nikaukumbuka mkafuri wa kwetu, nyuma ya hekalu,
kamba ya mabua ya mpunga kiunoni
kama mzazi aliyefungwa mkaja,
na pango la shina ambamo bibi alinisukumia siku ya radi.
Mle ndani mlinukia kama sanduku la nguo za harusi.
Nikadhani dunia nzima imekunjwa humo, isiliwe na nondo.
Basi nilianza na pango: mraba mmoja mweusi.
Mti nikauzungushia.

Jani lake humwinua aliyekufa. Hilo mnalijua.
Mnajua na sharti: hubebi zaidi ya moja.
Mwalimu mmoja wa Akita alituandikia kurasa sita
kwamba tumewafunza wanafunzi wake kutoulimbikiza uhai.
Mtawa naye akatushukuru.
Tulizisoma barua hizo mpaka chai ikatutoka puani,
maana Ogushi hakuwa na falsafa,
alikuwa na kaseti iliyojaa pomoni.
Kulibaki tundu la neno moja: ndiyo, au la.
Unalo. Huna.
Akalitia jani humo, akarudi kulala.

Mchezo wa pili wakauchoma.
Wa tatu ukawa mche, kwa kuwa hadithi ilirudi nyuma ya hadithi.
Wa tano wakatundika mji matawini, na ngazi, na soko la samaki.
Wa saba ukaporomoka usiku, na vijana wa ofisini wakalia,
wao wenyewe walioupanga uporomoke.
Kila mara: Haramizu, mti.
Nikazeeka nao kinyumenyume,
mimi nikipukutika, wenyewe ukichipua,
hadi majani elfu arobaini, kila moja na upepo wake.
Pango wakaliziba.
Kamera ikiingia humo, walisema, haitaona kitu.

Februari Ogushi alilazwa Kurume, hakutoka.
Kabla ya mkesha nilipanda treni hadi kwa ule mkafuri.
Jenezani huwekwa vinavyoungua tu: barua, maua;
miwani yake waliikataa.
Nikachuma jani. Nikachuma na la pili.
Mkono ulishatenda kabla sijauuliza.
Moja nililiweka kifuani pake, karibu na kifungo,
na nilingoja.
Nichekeni, lakini nilingoja
ule muziki mfupi wa noti tano.
Binti yake, Tsugumi, akanigusa kiwiko, wakafunika.
La pili lilikuwa mfukoni mwangu
likinichoma kama kitu cha wizi.

Sasa Yasutake, bosi wangu, aliyezaliwa mwaka wa mchezo wa nne,
ameuliza kikaoni, kwa adabu zake zote:
nafasi siku hizi haina mwisho,
kwa nini tusiwape wachezaji majani tisini na tisa?
Wakanigeukia mimi, kikongwe wa mti.
Nilitaka kuwaeleza habari za lile tundu.
Nikasema, fanyeni mtakavyo.

Walipoondoka nilibaki kitini,
taa zikajizima kwa kudhani hakuna mtu.
Nikauzungusha mti kwenye kioo, polepole,
hadi upande wa kaskazini, chini kabisa kwenye mizizi,
ambako kamera haifiki,
nikatia mraba mmoja mweusi.