Mdhamini

Dalali aliniuliza kwa Kiarabu cha sokoni:
hundi kumi na mbili unazo?
Nikamjibu sina hata moja.
Akanitazama kama mtu aliyeagiza chai
akaletewa kikombe kitupu.

Hiyo ilikuwa Al Khuwair, Jumapili.
Jumatatu nikaenda Wadi Kabir,
ghorofa ya nne, lifti imekufa tangu Shaabani,
bomba la jikoni linatema kutu,
dirisha limetazamana na migongo ya viyoyozi
inayonguruma kutwa na kupumua moto.
Nikasema: nimeipenda.
Na kweli nimeipenda.
Kuna pahala pa karai langu,
kuna msumari ukutani, mtu kauacha,
nikaziona kanga zangu zinaning'inia pale.
Riali mia na ishirini. Umeme juu yangu.
"Karatasi ya mshahara?"

Mshahara wangu ni sambusa, bwana.
Ni vitumbua thelathini kwa riali mbili,
ni arusi za Mabela na hitima za Sib,
ni Ramadhani inayolipa madeni ya Rajabu.
Nani atapiga muhuri juu ya unga?

Na benki inanijua.
Jina langu, la baba, la babu, mpaka la kabila,
limo kwenye orodha yao kwa sababu ya gari
ambalo sijapata kuliendesha.
Saini ni yangu, ndiyo. Funguo alichukua yeye.
Lilikuwa jeupe.
Weka hapa, mke wangu, jambo la dakika moja,
na dakika ile sasa ina miaka sita,
kila mwezi inazaa.

Yuko aliyenikatalia kwa upole, akanipa na tende.
Yuko aliyekata simu nilipotaja watoto.
Mmoja akasema hampangishi mwanamke asiye na mume,
majirani watasema;
majirani wenyewe ni gereji na duka la matairi.
Kwa shangazi tunalala sebuleni, mimi na wanangu wawili,
nakunja magodoro kabla ya alfajiri
ili wageni wake wasijue kuwa sisi hatuondoki.

Mwenye nyumba ya Wadi Kabir, Hamduni,
ana Kiswahili cha mtoto wa miaka tisa,
maana ndiyo miaka aliyotoka nayo Unguja.
"Mimi taka pesa kila mwezi, mkononi. Hundi basi.
Lakini leta mdhamini. Mtu wa serikali."

Nikahesabu ndugu kwa vidole.
Ndugu wakaisha, vidole vikabaki.

Alhamisi usiku simu ikalia.
Ghaniya. Muuguzi, zamu ya usiku.
Yule aliyekalia kiti cha mbele cha lile gari.
Mke mwenzangu, niseme neno lenyewe,
mpaka nilipoachwa mimi akabaki yeye.
"Nimesikia. Nitakuja na karatasi zangu."
Nikamuuliza kwa nini.
Kimya. Mashine ya wodini ikawa inalia pi, pi, pi.
"Juzi ameniletea fomu niweke saini," akasema.
"Nimeona nianze na ya kwako."

Tukakutana baladia, kaunta ya saba.
Hatukupeana mikono, mikono ilijaa fotokopi.
Anaandika kwa mkono wa kushoto;
miaka yote ile, sikujua.
Muhuri ukashuka. Hakutaka shukrani,
aliuliza tu kama bomba linatoa maji.
Linatoa, nikasema. Kwanza mekundu.
Akacheka, akaziba mdomo haraka
kama mtu aliyecheka msibani.

Leo tarehe tatu. Kodi imo kwenye kopo la hiliki,
noti zinanukia.
Sambusa za Ghaniya nimeziweka kando, bado mbichi.
Sijui nimpelekee
au nimwite aje azile hapa, zikitoka motoni,
apande ngazi zote zile, ahemwe,
nimwoneshe msumari.