Hoja ya Ukaguzi Namba Saba

Nimetumwa Wete na faili, kalamu nyekundu,
na posho ya siku tatu isiyotosha mbili.
Swali nililopewa ni jepesi:
tovuti ya vibali vya ujenzi,
ile ya milioni mia tatu na arubaini,
iko wapi?

Bwana Haroub anawasha kompyuta. Tunangoja.
Ukurasa unakuja mweupe, katikati mstari mmoja:
Samahani, tumo matengenezoni.
"Tangu lini?"
"Siku ya uzinduzi ilifunguka vizuri sana.
Kesho yake ndiyo ikawa hivi."

Uzinduzi naukuta kwenye risiti.
Beni, laki nane. Utepe, mita sita.
Mkasi wa kukatia utepe, na mkasi wa akiba.
Fulana mia mbili zenye anwani ya tovuti mgongoni
(moja naiona dirishani, ndiyo dasta;
herufi za mwisho zimekwenda na sabuni).
Warsha ya wadau, hoteli ya Unguja, siku tano,
maji ya chupa katoni tisini.
Walikuwa na kiu wadau wale.

Nafunua.
Mshauri wa kwanza alichora mfumo, akalipwa.
Wa pili akasema mchoro umekosewa, akalipwa.
Wa tatu aliletwa kuwapatanisha.
Mkataba unasema miezi sita,
kiambatisho kinasema kumi na minne,
kiambatisho cha kiambatisho hakina tarehe,
kina sahihi tu, ndefu, ya mtu mwenye haraka.
Rangi ya kijani ilikaliwa vikao vitatu.
Kitufe cha kutumia maombi hakikukaliwa hata kimoja.
Ndiyo maana hakipo.

"Nywila anayo nani?"
Wananitazama kama nimeuliza kaburi.
Alikuwa nayo Mbwana, kijana wa mkataba,
aliyejenga kile kilichojengeka,
usiku, kwa kompyuta yake mwenyewe.
Kwenye hiyohiyo ndiyo tovuti ilifunguka siku ile ya beni.
Mshahara wake, kifungu chake kidogo kuliko cha maji,
ulipochelewa mwezi wa nne akafunga begi.
Yuko Maskati. Hakuiba kitu.
Hakuna aliyemuuliza, basi.

Na chini kabisa ya faili, imekunjwa mara nne,
ankara ya seva: laki moja na themanini kwa mwaka.
Pembeni mtu kaandika kwa penseli:
hakuna kifungu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hii ina madaftari saba.
Kila risiti ina muhuri, kila muhuri una wino,
nami natafuta mwizi kwenye karatasi safi.

Naomba sanduku la maoni. Ufunguo umepotea,
tunalivunja kwa mkasi wa akiba.
Ndani mende mmoja na kipande cha karatasi ya skuli:

Mmejenga nyumba gani, kila siku yachakaa?
Mlango uko hewani, ufunguo umepaa.
Yangu iko mtaani, ina kuta, ina taa;
Kibali kiko njiani, mwaka wa pili nakaa.

Raya Shaame, Limbani.

Fomu ya ukaguzi haina mahali pa shairi.
Nalibana kwa pini, nalipa jina Kiambatisho.

Jioni, wakati wa kufunga, namuona Bi Mize wa masjala
akimwandikia mtu kibali. Ana daftari kubwa la kaunta,
mistari kaipiga mwenyewe kwa rula.
Jina, shehia, kiwanja, tarehe.
Vibali mia mbili na kumi na viwili mwaka huu,
na ukimtajia jina, ukurasa anaupata kabla hujamaliza.

"Hili daftari lilinunuliwa kwa kifungu gani?"
"Kifungu? Elfu saba, nimetoa mkobani mwangu."
"Risiti?"
Anacheka. "Mwanangu, duka la Faki lina risiti?"

Kwa mujibu wa kanuni, manunuzi yasiyo na risiti
ni hoja inayojitegemea.
Naandika: Namba nane.
Halafu kalamu nyekundu inakaa hewani,
na Bi Mize ananingoja nitoke
apate kufunga mlango.