Tarakimu Nyeupe

Bwana Teotónio,
umeniomba mpango wa biashara wa miaka mitano.
Nimekaa jikoni na kalamu ya benki yako, ile ya bure,
na nimekwama kwenye mstari wa kwanza.

Mitano?
Mwaloni wangu hauijui mitano.
Unaijua tisa.
Ukiuvua gome mwezi wa Juni hubaki mwekundu
kama goti la mtoto aliyeanguka,
ndipo Eduíno huchovya brashi,
akaandika shinani tarakimu ya mwisho ya mwaka.
Miti iliyo kando ya barabara ina saba.
Hakuna ombi wala riba
itakayoifanya saba hiyo iwe tano.
Imebaki miaka miwili.
Deni lako limebakiza miezi miwili.

Juzi alikuja Quintela wa kiwanda cha vizibo,
gari lake lina ubaridi ndani,
akagonga shina kwa kifundo cha kidole
kama anayebisha hodi.
"Belmira, hili litafaa.
Si kwa chupa za maana; kwa vibao vya sakafu.
Nalipa taslimu, leo hii.
Nani atakuja kuhesabu?"

Nikwambie jambo lisilomo kwenye faili lako.
Mwaka nilioolewa
baba alivua miti arobaini kabla ya siku zake.
Zikapatikana kondoo sita, gauni,
na bendi ya watu wanne kutoka Évora
iliyopiga mpaka jogoo akakasirika.
Nilicheza, bwana. Sijacheza tena vile.
Kiangazi cha pili miti kumi na mmoja ilikauka,
ikianzia juu, polepole,
kama mtu anayesahau majina.
Kwa hiyo sikuandikii kukuhubiria subira.
Haraka ndiyo iliyoniozesha,
na pete yake bado ninayo kidoleni.

Nguruwe ndio mshahara wangu.
Novemba hula mbegu za mwaloni,
Februari hunilipia umeme.
Ila nguruwe hajui
mbegu ipi ni chakula na ipi ni mti.
Ndiyo maana chini ya miti yangu
huoni mche hata mmoja unaonifika gotini.
Wazee watupu, wamesimama mbalimbali,
kama kanisa letu siku ya Jumanne.

Basi andika hivi.
Nguruwe ishirini watakwenda sokoni Oktoba,
wembamba, kwa bei ya kuumiza.
Trekta la marehemu Custódio litauzwa
(Eduíno hajui bado; usimwambie).
Hizo ni zako, za mwaka huu.
Halafu hekta mbili kando ya kijito
nitazizungushia waya.
Waya una gharama, najua, nimeuweka mstari wa nne.
Ndani yake hapaingii nguruwe:
mbegu, magugu, kunguru, basi.

Mapato ya hekta hizo, mwaka wa kwanza: sifuri.
Fomu yako ina visanduku vitano;
nimejaza sifuri tano,
nimeziandika vizuri, za mviringo.
Mche ukiota mwakani
gome lake la kwanza huvuliwa ukiwa na miaka ishirini na mitano,
nalo ni gumu, halizibi kitu.
La pili, baada ya tisa, vilevile.
La tatu ndilo kizibo.
Nina miaka sitini na mmoja.
Piga hesabu mwenyewe, una mashine.

Najua utaniuliza faida ni ya nani.
Mwanangu yuko Luxemburg, anapaka rangi ofisi za watu,
na mkewe hapendi vumbi.
Sina jibu la kuandika hapo.
Nimeacha nafasi.

Quintela atarudi Alhamisi na shoka zake.
Sikumwambia ndiyo.
Sikumwambia hapana.
Nilimwambia Alhamisi.

Ukiweza, bwana,
nijibu kabla ya Jumatano.